Amani Iliyongoja Wageni

Chuo Kikuu, Mlimani
Dar es Salaam
4 Machi 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake, mguu wake unaendeleaje? Mimi mzima, ila joto la huku litaniua kabla ya mitihani.

Baba, nimepata ufadhili! Shirika moja la Ulaya linakipa chuo chetu fedha za kuchunguza jinsi watu wa kawaida wanavyomaliza ugomvi bila polisi wala mahakama. Wenzangu waliandika mambo ya vitabuni. Mimi nikaandika habari zako na Baba Mdogo Karekezi: alivyokuja kutoka Rwanda hana pa kulala, ukampa kipande cha shamba, mkala omukago, udugu wa kuchanjiana, punje mbili za kahawa za ganda moja, kila mmoja na damu ya mwenzake. Nikaandika na mlivyokosana juu ya mpaka, mwaka wa nne huu hamsalimiani. Wafadhili wamependa mno. Niambie, kwa mila mnaweza kupatana vipi?

Mwanao,
Yustus

Isingiro, Karagwe
25 Machi 1991

Mwanangu Yustus,

Marahaba. Mama yako anachechemea, lakini mdomo wake hauumwi hata kidogo, anakusalimu. Kwa hiyo Wazungu wanatoa fedha ili wajue Byabato kagombana na nani! Wangepita kilabuni wangeambiwa bure.

Umeuliza wakati wake. Juzi Karekezi alimtuma mkewe, Mukamusoni, akasema: "Mwambie ndugu yangu nimechoka kuwa na hasira." Ana kikohozi kibaya. Nilijifanya mkali, nikamjibu nitafikiri. Alipoondoka nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mila ni hii. Inapikwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, tunakunywa wawili kwa kibuyu kimoja, mrija mmoja, mbele ya watu. Kabla ya hapo siingii kwake, haingii kwangu, na mmoja akifa mwenzake hamziki. Akienda kumzika, madhara huwaangukia watoto wa pande zote mbili. Tumepanga Jumapili ya pili baada ya Pasaka.

Baba yako,
Byabato

Mlimani
5 Aprili 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nampa mwenzangu Novatus barua hii, anarudi huko kwa treni leo, kwa hiyo sina nafasi ya salamu ndefu.

Msipatane kwanza! Mwalimu wangu anasema hii ni bahati. Wafadhili hawajaona upatanisho wa namna hii kwa macho yao, wanataka kuja Julai na kamera na tepu. Mkipatana sasa nitawaonyesha nini? Ufadhili wangu wote umesimama hapo. Mmenyamaza miaka minne, Baba, miezi mitatu si kitu. Namwomba na Baba Mdogo anikubalie.

Mwanao,
Yustus

Isingiro
9 Agosti 1991

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila si wote.

Tulikusikiliza, nikakuahidi tutangoja. Karekezi alipoletewa ombi lako alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Akasema, "Mtoto wa omukago ni mwanangu. Asome. Tugombane kidogo tena kwa ajili yake." Basi tukagombana. Tulikutana njiani kwenda kanisani, kila mtu akatazama upande wake, nikamwona anabana kicheko. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Julai tuliivisha ndizi, tukakamua, rubisi ikawa tamu kweli. Wageni wako hawakuja, wala neno. Imegeuka siki, tumemwaga. Karekezi sasa hatoki nje. Nikiwa napalilia namsikia anavyokohoa.

Yustus, niruhusu niende. Hao wageni wakija tutawafanyia tena, watajuaje? Jibu upesi. Nilikupa neno langu, sitaki kulivunja bila wewe kujua.

Baba yako,
Byabato

Mlimani
28 Septemba 1991

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na poleni na kazi za shamba. Nisamehe. Wafadhili walitupeleka Nairobi kwenye mafunzo ya usuluhishi, tumekaa huko zaidi ya mwezi, na barua yako nimeikuta jana.

Julai kamati yao haikuwa imekaa. Sasa imepitisha, wanafika Bukoba tarehe 18 Oktoba, nami nitakuwa nao. Baba, kuwafanyia tena itakuwa ni kuwadanganya, na hapo hakuna utafiti. Zimebaki siku chache tu. Mwambie Baba Mdogo avumilie, namletea dawa ya kifua. Mama aanze kuivisha ndizi.

Mwanao,
Yustus

Isingiro
7 Oktoba 1991

Mwanangu Yustus,

Marahaba. Barua yako imefika leo. Karekezi amezikwa Alhamisi.

Jumatano asubuhi Mukamusoni alikuja mbio kuniita. Nikasema basi, ahadi ife. Mama yako akaomba rubisi kwa jirani, nikabeba kibuyu, nikavuka mpaka. Nilikuwa katikati ya migomba yake niliposikia wanawake wameanza kulia. Nikasimama. Kwa mila sikuwa na ruhusa ya kupiga hatua nyingine. Nikarudi na kibuyu changu.

Siku ya mazishi nilikaa ndani. Nyimbo zilinifikia zote. Zilipokoma nikajua sasa ni udongo. Waliozika walipita mbele ya mlango wangu wakirudi, hakuna aliyenisalimu. Wanadhani nilimchukia mpaka mwisho. Niwaambie nini? Kwamba tulikuwa tumekwisha kusameheana, tunangoja wageni?

Sikulaani. Naumia, lakini wewe ni mtoto wangu, na yeye alikupenda. Walete wageni wako, watakula ndizi kama mgeni yeyote, na hawatakosa pa kulala. Ila kabla hujaingia kwangu, pita kaburini kwake. Wewe mila haikukatazi. Mtupie udongo, useme ni wa Byabato. Mwambie nilikuwa nimeshafika kwenye migomba.

Baba yako,
Byabato