Mwaliko wa Harusi Usiosomeka

Mpendwa Bu Wuryani wa safu ya ushauri, niokoe, maana harusi yangu ni Jumapili ijayo na chakula hakitatosha, na kosa ni langu, au la mchumba wangu, sijui, nisikilize tu. Mchumba huyo, Mas Bagaskara, hutengeneza mialiko ya harusi ya mtandaoni, na wetu aliupamba kupita yote: herufi nyembamba za dhahabu juu ya rangi ya maziwa, maua yanadondoka bila kukoma, ukifungua tu muziki wa gamelani unalipuka wenyewe, na kitufe cha kuthibitisha kuja ni kama punje ya mchele. Sasa Bude Sutarmi, mama mkubwa aliyenilea, haoni, simu yake humsomea kwa sauti, basi akaufungua ikamsomea "picha, picha, picha," akanipigia: "Nduk, binti yangu, kwani unaolewa na mpiga picha?" Nikaona aibu, nikamwomba binamu yangu anitengenezee kwa siri ukurasa mwingine wa Bude peke yake, herufi nyeusi kubwa, kila picha na maelezo yake, kitufe kipana, kimya kabisa, na Bude akafurahi mno, akausambaza kwa ukoo mzima!

Kila mtu anathibitisha huko. Pakde Karno, baba yangu mkubwa mwenye mtoto wa jicho, kaka yangu anayesoma juani shambani kwenye kioo cha simu kilichopasuka, jirani aliyebeba kichanga mkono mmoja, rafiki zangu wasio na bando, hata Pak Kiai, shehe wetu, ambaye ule wa kwanza ulimpigia gamelani msikitini. "Huu ndio mwaliko," wananiambia, "ule mwingine mlikuwa mnatutania?" Naye Mas kila jioni anafungua ukurasa wake, haoni jina hata moja, ananiuliza, "Dik, mpenzi, watu wananichukia? Ni meno yangu?" Jana amemwambia mpishi apunguze gulai, ule mchuzi wa mbuzi, kwa nusu. Nimwambie ukweli avunjike moyo, au ninyamaze wageni wagombee mifupa?

Bi Harusi Mtarajiwa, Klaten

Jibu: Mwanangu, nimekucheka kwanza, kisha nikakuhurumia. Eti ukurasa wa Bude peke yake! Hapa sokoni kwetu waliweka njia ya mteremko kwa ajili ya mzee mmoja wa kiti cha magurudumu. Leo nani anapanda ngazi? Wauza tofu na mikokoteni yao, wajawazito, na mimi na magoti yangu, sote tunapita njia ya mzee. Mchumba wako si mbaya, ila mwaliko amejitengenezea yeye mwenyewe, chumbani, mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta. Kazi ya mwaliko ni kumwambia mtu aje lini na wapi, urembo baadaye. Lakini na wewe! Mwanamume anakagua meno yake mazima na wewe unamtazama tu? Hebu ona haya.

Mpigie mpishi sasa hivi, kabla hujakunja gazeti. Moyo wa Mas utapona, ila watu wa Klaten wakikosa gulai watawasimulia wajukuu. Kisha mpeleke Mas kwa Bude, mfunge kitambaa machoni, mpe simu inayosoma, atafute kwenye ukurasa wake mwenyewe anaoa siku gani. Akishindwa, na atashindwa, Bude amfungulie ule mwingine, asikilize majina ya wote wanaokuja kwa ajili yake, mmoja baada ya mwingine. Mwache alie. Akimaliza, mrudishe kazini, maana kila mteja wake ana Bude wake.