Maua ya Malenge Hayangoji Jioni

Mama,

Bado niko Kabuchai. Duka langu la Kibomet, kule Kitale, nimelifunga kwanza, kwa sababu kuna kazi yako sijamaliza, na ninaifanya kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mama Nafula alikuja. Ndiyo, jirani huyo huyo aliyekuona alfajiri ukishikashika maua ya malenge, akatangazia kanisa zima ati unaroga, ati unavuta malenge ya wengine yaje kwako. Siku tulipokuzika wanawake walisimama nje ya boma, wakakataa hata chai. Chai, Mama! Hiyo iliniuma kuliko jeneza.

Sasa dawa anayopulizia mahindi imemaliza nyuki waliobaki. Malenge yake yanageuka manjano yakiwa madogo kama ndimu, yanaanguka. Akaniita "mwanangu." Ati nimwonyeshe ulichokuwa ukifanya.

Si nikamwonyesha! Ua dume lina unga. Ua jike lina katoto ka malenge chini yake, na katikati ule mdomo mnene unaonata. Mwalimu wetu aliuita stigma. Wewe uliuita mdomo tu, ukicheka: "Lisha huyu, ana njaa." Unga ukinata pale, kila chembe inateremsha uzi mwembamba mpaka ndani, kwenye mbegu. Usiponata, katoto kanakufa. Nyuki ndiye hubeba huo unga, na kama hayuko, ni mkono.

Akaniomba nimfanyie. Nikakataa. Akasema basi atafanya jioni, watu wakishaingia nyumbani. Weee! Nilicheka kicheko kibaya. Maua hayo hufunguka alfajiri, jua likipanda yamejifunga, na hayafunguki tena. Atafanya asubuhi, watu wakipita barabarani, kama ulivyofanya wewe.

Jumapili nikabeba stuli nikaketi kando ya shamba lake. Wakapita wale wale wa kanisa. Yeye ameinama, ua dume mkononi, anapangusa mdomo wa ua jike. Mmoja akauliza, "Kwani na wewe umeanza?" Akanitazama nimwokoe. Nikaangalia mlima.

Ikabidi aseme mwenyewe: "Huu si uchawi. Hata mama yake huyu hakuwa mchawi. Ni mimi nilisema uongo." Kwa sauti ndogo. Nikamwambia arudie, bana, wa nyuma hawajasikia.

Akarudia. Baadaye akaja kuomba msamaha, ati sasa yameisha. Yameisha wapi? Ua moja huishi asubuhi moja. Kesho yatafunguka mengine, na wanaopita kesho ni watu wa soko, hao hawakuwa kanisani.

Lala, Mama yangu, lala vizuri. Nakuahidi sirudi Kitale mpaka kila aliyekuogopa asikie ukweli kutoka kinywa cha yule mama. Na kesho nitamwambia aongeze sauti.

Binti yako,
Nasimiyu