Wanaume wa Kuzungusha Gari kwa Mvua

Mama yangu mpendwa,

Imani amepindua karai sasa hivi. Alikuwa ameketi ndani yake, ameshika kifuniko cha sufuria kama usukani, "vruuum!", akajizungusha mpaka maji ya vyombo yakaingia kwa godoro. Nimempangusa, nimembusu, nikamkaripia kidogo tu, maana kosa si lake. Kosa ni la baba yake na marafiki zake.

Lakini kwanza salamu, mulembe. Mguu unaendeleaje? Kuku wameacha kufa? Sisi huku Laini Saba tuko wazima, ni mvua tu imetukalia.

Jumamosi tulienda uwanja wa mbio za magari, nje ya jiji. Unamkumbuka Kevo, yule fundi wa magari wa Kawangware aliyekuja na Baba Imani siku ya mahari, akala kuliko wazee? Yeye na wenzake wana gari moja kuukuu. Wanalitelezesha kwa lami mpaka linaenda ubavu kama kaa. Wanaita kudrifti. Hakuna mahali wanafika, Mama. Wanazunguka, wanarudi palepale, wanapongezana kama watu wametoka vitani.

Baba Imani alisema anaenda kwa sababu ya kazi. Kevo alimwahidi tairi zikiisha atampa akate akala, vile viatu vyake vya kuuza. Sawa. Nikapika chapati, nikamfunga Imani mgongoni, tukaenda. Mvua ikanyesha kutwa. Wanaume wenye ndevu wakaruka kama watoto.

"Mvua ni baraka!" Kevo akapiga kelele. "Kwa maji tairi haziishi!"

Na Baba Imani akapiga makofi! Mtu amekuja kungoja tairi ziishe, anashangilia haziishi. Ni kama muuza miavuli kuombea jua. Nilimwangalia tu.

"Shemeji, ingia uonje raha," Kevo akaniambia.

"Raha ya kukorogwa kama uji? Uji ninao nyumbani."

Wakacheka, wakamaliza chapati zangu, hata ya mtoto. Halafu Baba Imani akanyoosha mikono. "Lete Imani. Nitampakata, mzunguko mmoja tu."

Kumpakata, Mama! Kwa gari ambalo mlango umefungwa na kamba! Na huyu mjinga wangu mtamu alikuwa anarukaruka mgongoni, anataka kwenda.

Nikasema, "Huyu alitoka kwa tumbo yangu, hakutoka gereji. Haingii."

"Wacha ushamba, mathe," mmoja wao akasema.

"Kwani nani ana sauti kwenu, boss?" Kevo akamuuliza mume wangu.

Akaona aibu. Akaingia na Kevo bila mtoto, wakanguruma, na kona ya kwanza wakatoka lami wakazama kwa tope. Ndipo yule wa ushamba akanijia mbio: "Mathe, tusaidie kusukuma." Nikamwambia sukuma na ujanja wako wa mjini.

Sasa Kevo amesema leo anakuja kumchukua Imani na baba yake, ati wamepata helmeti ya mtoto. Simdharau mume wangu, Mama. Ni mtu mzuri akiwa na tairi na kisu mkononi. Nadharau vile anakuwa mdogo akiitwa boss. Nimemwambia mara moja tu: akimpeleka, mimi na Imani tunarudi kwako. Lakini mimi bado namtumaini.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenifundisha chapati, na ndugu yangu wa mwisho, mwambie aende shule hata kukiwa na matope.

Nasikia honi. Ni Kevo, anaita kutoka huko barabarani: "Boss, helmeti hii hapa! Leta mtoto!" Baba Imani ameketi mlangoni anapima tairi. Ameweka kisu chini, Mama.

Sasa amesema: "Mtoto haendi. Hata mimi leo siendi."

"Umekaliwa na bibi!" Kevo anamcheka.

"Nimekaliwa. Sawa."

Mama, amesema sawa! Mbele ya majirani wote! Na sasa ananiita, "Mama Imani, kuja unishikie hii tairi nikate," ngoja kwanza niweke kalamu chini, nimshikie.