Gari la Baba Limezuiliwa Tunduma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Najua umeshaitikia kabla wifi yangu Nyanjige hajavuta pumzi ya kukusomea. Wifi, soma taratibu, na usiruke mahali hata pakiwa na uchungu. Unaendeleaje na kusafishwa damu? Kaka Mazigo alinipigia akasema juzi, mkitoka hospitali, uliishiwa nguvu ukaanguka kwenye bodaboda pale Buzuruga. Tangu hapo chakula hakinipiti.

Mimi mzima wa mwili tu. Bado niko Tunduma, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya maegesho ya malori, vyombo vyangu vya Ndola vikiwa bado kwenye mabunda. Vumbi na honi ndivyo vinavyoniamsha. Nilidhani nikishaaga shule niliyokuwa nafundisha Zambia nitavuka mpaka siku hiyohiyo nije moja kwa moja mlangoni kwako. Nilijidanganya.

Gari limezuiliwa, baba. Mtu anayehamia nyumbani husamehewa kodi ya gari moja, alimradi ni lake mwenyewe na amelitumia huko alikotoka. Karatasi zangu zilikuwa safi, zote zina jina langu. Kisha afisa wa forodha, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, hili gari ni la kwako?"

Nikamjibu nikitabasamu, "Hapana, ni la baba. Mimi nampelekea tu."

Akarudia swali. Nami nikarudia jibu, tena kwa maringo. Akaandika, nikasaini.

Ningejibuje lingine? Ndivyo ulivyotulea. Kaka aliponunua ng'ombe wake wa kwanza, wageni walipouliza alisema ni wa baba. Hata cherehani yangu ilikuwa ya baba, na wewe hujawahi kushona hata kifungo! Kwetu mtoto akisema "changu" mzazi yuko hai, watu wanamtazama kama amekwisha kumzika. Lakini sheria haikulelewa Nansio. Msamaha ukakataliwa kwa sababu gari si langu, kwa mdomo wangu mwenyewe, na kodi waliyonikadiria siiwezi.

Nikaweka pingamizi, likatupwa. Sasa nimekata rufaa. Wakala anayenisaidia, mama mmoja asiye na subira, ameniambia, "Dada, umejifunga mwenyewe. Bila kiapo cha mzee tunapoteza muda tu hapa." Anataka uende kwa wakili, uape kwamba gari hili si lako, halijawahi kuwa lako, na huna haki yoyote juu yake.

Nilikataa. Nikamwambia bora liozee hapohapo. Nilichukia sana, baba, maana wifi ameniambia jinsi ulivyowatangazia wenzako wa kanisani Nansio kwamba utashuka kwenye kivuko ukiwa ndani ya gari lako. Leo nikutume ukalikane? Lakini kaka aliponiambia habari ya bodaboda, ukaidi wote ukaniisha. Nataka ukitoka hospitali ukae kwenye kiti cha maana, uegemee, usinzie mpaka nyumbani.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Hata tukishinda, gari la msamaha halibadilishwi jina mpaka ipite miaka, ama sivyo kodi inarudi. Nilikuwa nimepanga kukuandikisha nikifika tu. Sasa wewe na mimi tunajua kwamba miaka hiyo hatuna. Nisamehe kwa kulisema wazi, lakini nikilificha nitakuwa nakuchezea.

Kwa hiyo nakuomba kaka akupeleke kwa wakili, kuna mmoja mtaa wa Mirongo anayemfahamu. Nendeni siku usiyokuwa na hospitali, ukiwa na nguvu kidogo. Usione haya mbele yake, na usianze kumweleza habari za malezi. Mkanye kaka naye asichangie, namjua mdomo wake.

Nisalimie huyo kaka na wanawe. Wifi, ahsante kwa kumwogesha baba yangu kama wako. Shangazi Nyamisi, anayetutunzia nyumba Nansio, mwambieni aache kufyeka pa kuegesha gari, asije akapata aibu bure.

Apa vizuri baba, kwa sauti, wasikutilie shaka. Mimi siku hiyo nitapiga magoti huku nimwombe Mungu asikusikilize.

Binti yako,
Tekla