Programu Niliyoichagua Mimi

Jumatano, Kilosa

Na mimi ndiye niliyeichagua. Tulikuwa na programu mbili za kuchorea majengo, nikachukua ile inayoonyesha jengo zima kwenye skrini kana kwamba limeshasimama. Mzee Chande, fundi wetu mkuu, aliuliza swali moja tu siku ile: "Injinia, hii itafunguka kule mlimani bila intaneti?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Leo nimepanda mlimani Vidunda kukagua zahanati tunayoijenga. Mlango wa chumba cha kujifungulia ni mwembamba, kitanda cha magurudumu hakipiti. Nilishaurekebisha kwenye programu wiki mbili zilizopita, lakini bila intaneti mchoro mpya ulikataa kufunguka kwenye simu ya mzee, naye akajenga kwa kufuata karatasi ya zamani.

Mwenyekiti wa kijiji akauliza mbele ya mafundi wote nani kakosea. Mzee Chande akavua kofia.

"Ni mimi, mwenyekiti. Nilipaswa kushuka mjini Mikumi kutafuta intaneti."

Mtu ninayemwamkia shikamoo kila tukikutana amebeba kosa langu, na mimi nikajifanya nasoma vipimo. Kisha akashika nyundo, akaanza kuvunja ukuta alioujenga mwenyewe. Nilitaka kumwambia kitu kabla sijaondoka, lakini nikashuka bila kumwambia.

Jioni nimempigia mwenyekiti, nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mbona hukusema pale pale, mafundi wa mzee wakisikia?"