Goli la Bibi Limeng'olewa

Kambi ya Juu, Geita
Jumatatu, mwezi wa Rajabu

Kwa Kaka yangu Salehe,

Shikamoo, Kaka. Natumai barua hii itakukuta juu ya kigoda chako pale karibu na stesheni, sindano mkononi na viatu vya watu vimekuzunguka. Mama yu hali gani? Kifua chake kimetulia? Na Shemeji amekwisha kujifungua, au bado mwatutia roho juu? Mimi nipo. Kikohozi cha vumbi ninacho, lakini hapa anayeshangaza watu ni yule asiye nacho. Nimeandika "nipo" kwa kuwa leo siwezi kuandika kwamba ni mzima, nikakudanganya.

Niseme la kwanza kabla sijazunguka, maana wanijua kwa kuzunguka. Usije. Uliniandikia kwamba pamba ikishavunwa utapanda lori na gongo lako la kutembelea, uje uione timu yetu ya Mwamba ikicheza mara moja tena kwenye kiwanja ulichokifungua kwa mikono yako. Kaka, kiwanja hakipo. Tangu Alhamisi wanamwaga pale ule mchanga wa mwamba uliosagwa, mabehewa kwa mabehewa, na sasa umefika magotini. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu najua ulichobakiza huku ni mguu wako na kiwanja kile, na mguu tumekwisha kuuzika.

Jambo lilianza mwezi uliopita. Asubuhi ya kuitwa majina, nyapara alisoma karatasi: Bwana Mkubwa wa mgodi anataka pa kumwaga mchanga, na kiwanja cha mpira kiko karibu na reli ya mabehewa, basi watu watafute pengine pa kuchezea. Pengine wapi? Upande mmoja mlima, upande mwingine mashimo, na penye tambarare pana nyumba za Wazungu na maua yao. Watu waliteremka shimoni siku ile bila hata kutaniana. Wewe wajua kwamba watu wa kambi hii wakiacha kutaniana basi wameumia.

Jumapili baada ya chakula tukakusanyika nyuma ya Goli la Bibi, sisi mashabiki wote na wachezaji, tukafanya shauri. Jina la goli lile wote wanalipenda mpaka leo. Hakuna mgeni aliyefika kambini asisimuliwe: jinsi wewe Salehe na wenzako mlivyokivunja kichuguu kikubwa kuliko nyumba, siku tatu, na siku zote tatu bibi mmoja wa kijijini akasimama kando hasemi neno, amenyoosha mkono tu, mpaka wewe ukamtilia chumvi ya posho kiganjani ndipo akaenda zake. Mpira ukielekea upande ule, watu mia wanapiga kelele, "Kwa Bibi! Mpeni Bibi chumvi yake!" Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaanzishia. Ndiyo kazi uliyoniachia.

Basi shauri likawa matata. Mzee Feruzi, mpishi wetu, yule aliyebeba mizigo vita vya Mjerumani, alitaka iandikwe barua kwa Bwana Shauri wa wilaya, yenye adabu, na kila mtu atie dole gumba. Watu wakamcheka. "Mzee, barua yako itafika mchanga ukiwa mlima." Masanja, yule wa nyundo na tindo aliyekuwa akikubeba mgongoni baada ya ajali, yeye alitaka tusishuke shimoni. Tuketi kiwanjani wote, waje watumwage na sisi. Hilo likawatisha watu, kwani mtu wa kipande, mwenye kadi ya kazi, akigoma hupelekwa jela kama mwizi, na wengi pale wana watoto. Wakabishana mpaka jua likawa jekundu. Mmoja akamwita Mzee Feruzi kibaraka, Mzee naye akamwambia yeye hata kuvaa kaptura kajifunzia kambini. Nusura mashabiki wa timu moja wapigane wao kwa wao.

Hapo mimi ndugu yako nikasimama. Laiti ningekaa!

Nikawauliza, mwano je? Unakumbuka, Kaka, utotoni kwetu Shinyanga, ile siku tulipousikia mwano kutoka upande wa mashamba, ule ukelele wa kuitana ng'ombe wakiibwa. Muuza chumvi aliacha chumvi, wa kunyolewa akakimbia na nusu ya nywele. Mtu asikiaye mwano akabaki ameketi, kijiji kizima kinamtoza. Basi nikasema: wakija na mabehewa, tupige mwano. Manyapara nao ni Wasukuma, watakimbia pamoja nasi. Watu wa vijiji watakuja. Nani atasema tumegoma? Tumeitikia mwano tu, desturi ya nchi.

Watu wakapiga makofi. Mimi mtoto wa mjini, baba Mmanyema na mama wa Tabora, nikajiona nimeijua desturi ya watu kuliko wenyewe. Masanja peke yake hakupiga makofi.

"Mwano si filimbi ya refa, ngosha," alisema.

"Basi nini cha kuliliwa kama hiki si cha kuliliwa?" nikamjibu. "Salehe alilazwa hapa siku mguu wake uliposagika. Hapa hapa, kwenye nyasi hizi, alingoja lori tangu asubuhi mpaka alasiri, na wewe ulimfunika kwa shuka lako."

Masanja akasema, "Mimi sitapiga. Ukipiga wewe, nitakuja, kwa kuwa nitakuwa nimesikia."

Alhamisi yakaja mabehewa. Nikapanda juu ya goli, nikakaa kwenye mti wa juu, nikapiga mwano kwa sauti ile ile ya kuwaanzishia mashabiki. Kaka, uliitikiwa! Mlima mmoja ukaitika, na mwingine nyuma yake. Kambi yote ikamwagika, manyapara pia, na wanawake wakaacha vyungu jikoni. Baada ya muda kidogo nikawaona watu wa vijijini wanashuka mbio kwa mikuki, pinde na marungu, wengine vifua wazi, jasho linawatiririka, mzee mmoja akikokota mguu lakini anakimbia. Waliokuwa wakisukuma mabehewa wakayaacha wakakimbia pamoja na kila mtu. Nililia kwa furaha huko juu, sikufichi. Nikasema moyoni, Salehe, watu wote hawa wamekuja kwa ajili ya kiwanja chako.

Mzee wa kijiji, jina lake Luhende, akasimama katikati, anahema. Akaniuliza kwa Kiswahili cha shida, "Ng'ombe wako wapi?"

Nikateremka. Nikamwambia hakuna ng'ombe, Baba, ni kiwanja hiki, wanatunyang'anya.

Akaniangalia. Akawaangalia wenzake, akawatafsiria. Nilingoja hasira, Kaka, hasira ningeiweza. Hawakukasirika. Mmoja aliketi chini akaanza kuchomoa mwiba mguuni.

Luhende akasema na Masanja kwa lugha yao, kwa muda mrefu, akionyesha goli kwa mkuki. Uso wa Masanja ukabadilika. Nikamwomba anieleze, hataki. Nikamshika shati.

"Anasema hapa palikuwa kwao," alisema Masanja. "Mji wa baba yake. Zizi la ng'ombe lilikuwa hapo penye Goli la Bibi, na baba yake kazikwa mlangoni mwa zizi, kama desturi. Kambi ilipokuja wakahamishwa. Kichuguu kikaota palepale, wakakiacha kwa heshima yake, na kumbikumbi wa kichuguu hicho hawakuliwa. Anauliza, siku mnakivunja, mlisikia mtu akipiga mwano?"

Mzee Feruzi alivua kofia.

"Anasema hawakupiga kwa kuwa walijua hakuna atakayekuja."

Kaka, nilitaka kusema kwamba hatukujua. Neno hilo lilinifika mdomoni nikalirudisha, maana hata kuuliza hatukuuliza.

Kisha Luhende akasema anayepiga mwano wa uongo hutoa fahali, lakini mgeni asiye na zizi atatoa wapi fahali. Watachukua miti yao. Vijana wake wakang'oa magoli yote mawili, ile miti mliyoikata msituni kwao, wakaiweka mabegani wakaondoka nayo polepole kama watu wabebao jeneza. Mashabiki wa Mwamba tulitazama. Masanja aliwasaidia kuchimbua mti wa mwisho. Hawajafika mlimani, mabehewa yakaanza tena.

Mimi nilitajwa jina kabla ya saa ya chakula. Nyapara yule yule aliyekimbilia mwano wangu ndiye aliyechana kipande changu, na bado siku chache kijae nilipwe. Watu wananisalimia kwa jicho la pembeni. Wengine wanasema nimewatia aibu, wengine kwamba laiti tungekaa kiwanjani kama alivyosema Masanja. Mzee Feruzi amenipa pa kulala jikoni kwake na hataki tuzungumze mpira. Wiki ijayo lori likipita nitaomba nafasi, na likinikataa nitafuata njia ya kivukoni kwa miguu. Sijui nitakuja kuwa nani huko mjini. Hapa nilikuwa sauti ya Mwamba, na sasa sauti hiyo ikisikika watu watajifunika masikio.

Ningetaka barua iishie hapo. Lakini juzi nilikwenda kutazama mchanga, na Masanja akanifuata, kwa kuogopa nitafanya upumbavu mwingine. Bibi alikuwapo. Ndiye yeye, Kaka. Ni mama yake Luhende, mjane wa yule aliye chini pale. Amezeeka, macho yameingia ukungu, lakini amesimama mahali pale pale pa hadithi yako, mkono ameunyoosha kuelekea kwa wasukuma mabehewa.

Nikamwamkia, "Mwangaluka, bibi." Akaitikia vizuri. Kwa mdomo wa Masanja akaniuliza yule kijana wa chumvi yuko wapi. Nikamwambia ni kaka yangu, mwamba ulimkata mguu, sasa anashona viatu Shinyanga. Akasikitika, Kaka. Akasikitika kweli, akapiga ulimi, akasema pole yake ikufikie. Nikamuuliza, mbona siku zile hukusema, umenyoosha mkono tu?

Akasema lugha yetu hakuwa nayo, na kulia mbele ya vijana hakutaka. Kwa mkono ule alikuwa anakuomba jembe. Alitaka uweke jembe lako kiganjani mwake, basi, uache kuchimba.

Nikasimama naye mpaka behewa la mwisho. Mimi pia niliunyoosha mkono. Wale wasukuma mabehewa ni mashabiki wetu, na mmoja wao akacheka akadhani naomba tumbaku.

Mfikishie Mama salamu zangu, umwambie nakuja lakini usimwambie kwa nini. Mpe Shemeji pole ya uzito, na Mjomba anayeadhini aniombee dua, aiombee na roho ya mtu mmoja asiye wa dini yetu, jina lake sikuthubutu kuuliza. Msalimie na jirani wa kahawa. Wewe nakusalimu kwa mikono yote miwili, mitupu kama ilivyo.

Na ile chumvi, Kaka, anasema hakuila. Alirudi nayo siku ile ile baada ya ninyi kuondoka, akamnyunyizia mumewe kaburini.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani