Uma wa Baiskeli ya Loris

Sant'Alvise, 4 Novemba 2003

Kwa Baba Mdogo Ermes,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Mdogo Pierina, na kwamba baridi ya Kanada haijaanza kukutafuna magoti. Huku hatujambo. Ukungu umetukalia wiki ya pili sasa, Mama analalamikia bega, na karakana inavuja palepale ilipokuwa ikivuja enzi zenu.

Tangu tumzike Baba mwezi wa pili sijakuandikia. Hukuja mazikoni, nami nilikasirika, sitakuficha. Hayo tuyaweke kando, maana limezuka jambo.

Mama Loris alinipigia simu. Ndiyo, Assunta Battistel mwenyewe. Ile baiskeli ya mashindano aliyofia mwanawe, mahakama ilipomrudishia aliifungia ghalani, na uma wake uliovunjika, ule unaoshika gurudumu la mbele, akautia ndani ya gunia. Amesikia kwamba siku hizi watu wananiletea fremu za zamani zisizo na jina, hata kutoka Ubelgiji, nami natazama viungo vya mabomba na alama za tupa, nasema hii ya fulani. Anataka niikague, kisha iwekwe kwenye maonyesho ya ukumbi wa parokia mwezi wa tatu, na kadi yenye jina la fundi. Amefika miaka themanini na nne. Aliniambia anataka kujua kabla hajafa ni mkono wa nani uliounguza chuma cha mwanawe.

Unajua walivyomwita Baba baada ya mahakama kusema alizidisha moto chuma kikavunjika. Mwunguzaji. Mimi shuleni nilikuwa binti wa Mwunguzaji. Kule baa, kahawa ikiwa ya moto mno, walisema imepikwa na Gildo, naye alicheka nao na kuendelea kugawa karata. Amekufa na jina hilo.

Sasa baiskeli iko mbele yangu mezani. Kwenye bomba limeandikwa jina la Baba, lakini karakana ilikuwa na jina hilo hilo, hata wewe ulijenga chini yake. Alama za tupa kwenye viungo zinainamia kushoto. Baba alitumia mkono wa kulia. Nikumbushe tu: Aprili 1977, nani alikuwa kwenye moto?

Mwanao,
Nives


Guelph, 19 Novemba 2003

Mwanangu Nives,

Marahaba. Magoti yalishatafunwa zamani, sasa baridi imehamia kiunoni. Pierina anakusalimu, na anauliza kama mama yako bado anapika supu ya maharage ile inayosimamisha kijiko.

Kuhusu baba yako nilituma maua. Najua maua si mtu.

Kuhusu baiskeli, mrudishie mama wa watu mali yake. Duniani kuna fremu nyingi za kutazama, nyingine nzuri kuliko zetu. Hiyo iache. Na kadi usiandike. Hata namna ulivyoniuliza, hukuniuliza kama mtoto wa kaka yangu, umeniuliza kama askari.

Sikuzuii kwa ubaya. Nakuzuia tu.

Baba yako mdogo,
Ermes


Sant'Alvise, 2 Desemba 2003

Kwa Baba Mdogo Ermes,

Shikamoo, na salamu kwa Mama Mdogo. Sisi tuko salama. Nasema hivyo kwa adabu, maana mimi binafsi siko salama, silali vizuri.

Sikuirudisha. Nimeondoa rangi kidogo kwenye viungo, kwa kitambaa na subira, kama Baba alivyonifundisha. Kabla ya kuchomelea, Baba alishikiza kila kiungo kwa misumari miwili midogo. Nina fremu zake kumi na moja, sijaona hata moja aliyoiacha na mmoja. Hii ina msumari mmoja tu, upande wa chini, sawasawa na ile uliyomjengea Mama Mdogo mlipochumbiana, ambayo ninayo hapa ukutani. Kichwa cha uma ni hivyo hivyo. Na tupa ya mtu wa shoto, kama wewe, imepita kila mahali.

Ni yako, Baba Mdogo. Fremu yote na uma wake. Wewe ndiye uliyeunguza, na baba yangu akakubebea. Akafungiwa karakana, akaenda kubandika soli za viatu kiwandani miaka ishirini, wewe ukapanda ndege vuli ile ile.

Kama nimekosea, niambie nimekosea wapi. Nakupa nafasi kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kuendesha.

Nives


Sant'Alvise, 20 Januari 2004

Baba Mdogo,

Wiki saba. Krismasi imepita bila kadi yako. Nimekuelewa.

Siku ya Wafalme, tarehe sita, nilikwenda kwa Mama Loris nikamwambia: si Gildo, ni Ermes. Alilia, akanishika mkono, akasema amemchukia mtu asiye na hatia. Habari zimeshafika baa. Mzee mmoja aliyekuwa akimcheka Baba kuliko wote aliinua glasi na kumwombea. Jumapili iliyofuata Mama alikaa kiti cha mbele kanisani kwa mara ya kwanza tangu kesi ile.

Kadi nimeiandika. Maonyesho ni tarehe 21 Machi.

Nives


Guelph, 29 Januari 2004

Nives,

Sikusalimu, utanisamehe. Pierina aliifungua barua yako kabla yangu na tangu jana hajatoka chumbani.

Fremu ni yangu. Uma ni wangu. Umesoma vizuri, ingekuwa ajabu usome vibaya wakati ulijifunzia miguuni petu. Lakini ninyi wakusanyaji wote mna ugonjwa mmoja, mnatazama nje. Mnapapasa viungo, mnahesabu misumari, mkishapata jina la fundi mnafikiri mmepata habari yote.

Chukua tochi. Uma ulivunjikia shingoni, pale bomba linapoingia kwenye kichwa cha uma, na kipande cha shingo kimebaki humo. Kimulike kwa ndani. Mabomba ya shingo tuliyokuwa tukinunua yalikuja na mbavu tano za chuma ndani, zimejipinda kama ngazi ya mnara wa kanisa, chini kabisa, mahali uzito wote unapokaa. Zihesabu. Kisha fungua droo ya tatu ya baba yako, zile kwangulio za kupanulia mabomba, uzilinganishe na utakachokiona.

Miaka arobaini nimechomelea. Sijaunguza kiungo hata kimoja. Hesabu, halafu uniandikie.

Ermes


Sant'Alvise, 9 Februari 2004

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Hakuna. Hata moja. Nilimulika mara nne, nikasafisha kutu kwa mafuta, nikamulika tena. Zimekwanguliwa zote, bomba limebaki jembamba kama mkebe. Na shaba ya kuchomelea kwenye kiungo ni safi, imetiririka hadi ndani, chuma hakina dalili ya moto kuzidi. Nilikuwa na uma huo mkononi tangu Novemba na sikutazama ndani. Nimeona haya.

Kwenye ukuta wa bomba kuna mchirizi mmoja unaojirudia. Kwangulio ya tatu ina pengo kwenye makali. Niliitumia kwenye kipande cha bomba jipya, nikaviweka viwili pamoja chini ya kioo cha kukuzia. Mchirizi ni ule ule. Mpini una G.Z., herufi za Baba, kwa maandishi yake.

Niliketi sakafuni karakana mpaka Mama alipokuja kuniita kula.

Niambie ulichukua kifaa chake. Sema ni wewe, nitakuamini.

Mwanao,
Nives


Guelph, 18 Februari 2004

Mwanangu,

Marahaba. Laiti ningeweza kusema ni mimi.

Unawakumbuka vijana wa mashindano wa miaka ile, walitoboa kila kitu kiwe chepesi, breki, meno ya mnyororo, hata bomba la kiti. Loris alikuwa mbaya kuliko wote. Alhamisi alikuja karakana, Jumapili ilikuwa shindano la kupanda mlima Grappa dhidi ya saa. Akataka tukwangue mbavu za shingo. Nilimwambia hapandi baiskeli yangu bila shingo nzima, akatafute mshona viatu amkwangulie. Tulirushiana maneno nikamtoa nje.

Jumamosi nilikuwa Bassano, kwa kina Pierina, tunapanga harusi. Akarudi. Gildo hakuwa na ulimi wa kumkatalia mtu anayempenda, na yule kijana alikula mezani kwake tangu baba yake alipofariki. Akamkwangulia. Walipunguza gramu arobaini. Loris alishinda kwa sekunde tisa, akafa akishuka mlima kurudi nyumbani, maua ya mshindi, yale uliyompa wewe, yakiwa kifuani.

Mahakamani mtaalamu alisema chuma kimeunguzwa. Alisema kwa kubahatisha, hakukata kitu. Kabla sijasimama, Gildo alisimama akasema ndiyo, niliunguza. Nje nilimkamata kola. Nakuandikia alivyosema, neno kwa neno, maana nimeyabeba.

"Nikisema kweli, Assunta atajua mwanawe aliomba mwenyewe. Acha anichukie mimi."

Nikamwambia, "Na kiungo changu?"

Akasema, "Kimeandikwa jina langu."

Kwa sentensi hiyo nilihama nchi. Si kwamba alidanganya. Ni kwamba aliichukua kazi yangu njema akaiita mbovu, na hakuniuliza. Februari ya mwaka jana nilikata tiketi, nikafika uwanja wa ndege wa Toronto, nikageuza. Sikujua nitasimama mbele ya jeneza kama ndugu au kama mwenye kinyongo. Na barua yako ya Desemba nilikaa nayo kwa sababu nilimwahidi kunyamaza, hata kwako.

Sasa uamuzi ni wako. Ukisema, baba yako hatakuwa tena fundi aliyekosea moto, atakuwa fundi aliyejua na akafanya. Ukinyamaza, Mwunguzaji ni mimi. Niite mtoro, niite mwenye roho ngumu, nitakubali. Hilo la Mwunguzaji siliwezi. Sikuamuru. Nakuomba.

Baba yako mdogo,
Ermes


Sant'Alvise, 24 Machi 2004

Kwa Baba Mdogo Ermes,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mama Mdogo Pierina. Mwambie nimempigia magoti. Mimi mzima. Mama mzima pia, ila hasemi nami tangu Jumapili. Ananiwekea sahani na kuondoka.

Nilizunguka na barua yako mfukoni wiki tatu. Nilichana kadi mbili. Kuna siku niliamua kunyamaza kabisa, nikajiambia uko mbali, baa ya Sant'Alvise itakudhuru nini, na Baba ameshapumzika. Nilikula vizuri jioni ile. Asubuhi nikaingia karakana, nikaona fremu ya Mama Mdogo ukutani, na msumari wake mmoja upande wa chini, nikashindwa kuitazama.

Ijumaa nilikwenda kwa Mama Loris. Nilimweleza yote jikoni kwake, nimesimama, sikuvua koti. Mbavu tano, Alhamisi ulivyomfukuza, Jumamosi Baba alivyokubali. Hakulia. Aliuliza kwanza kama ni Loris mwenyewe aliyeomba. Nikasema ndiye. Akauliza ilikuwa uzito gani. Nikasema gramu arobaini.

Alinyanyuka akatoa mizani ya jikoni, akafungua mfuko wa unga wa mahindi, akaanza kumimina polepole mpaka mshale ukafika arobaini. Akaumwagia kiganjani. Haukujaza hata kiganja, na mkono wake ni mdogo. Aliutazama muda mrefu, mimi sijui niangalie wapi.

"Kumbe ni hiki tu," akasema.

Akaurudisha unga mfukoni, akafuta mizani. Ndipo akaniambia kwamba miaka yote hiyo Baba akimwona sokoni alivuka barabara, na yeye alidhani ni kiburi. Nilimwuliza tufanye nini na kadi. Nilikuwa tayari aseme tuiache. Akasema niandike jina la aliyejenga, jina la aliyekwangua, na jina la aliyeomba, yote matatu, kwa herufi za ukubwa mmoja.

Basi ndivyo kadi ilivyosomeka Jumapili: fremu na uma vimejengwa na Ermes Zanchetta, viungo vyote vizima, mbavu za shingo zilikwanguliwa na Gildo Zanchetta, kwa ombi la Loris Battistel. Watu walisoma mmoja mmoja. Mama alisoma, akachukua mkoba wake akatoka. Mama Loris alikaa kwenye kiti kando ya baiskeli kutwa nzima, amevaa koti lake la kanisani. Yule mzee wa glasi alifika akaanza utani wake, kwamba leo Mwunguzaji ni yupi kati ya hawa. Mama Loris akamwonyesha kadi kwa fimbo yake.

"Hakuna kilichoungua hapa. Soma tena."

Alisoma tena, kofia mkononi.

Makaburini sijaingia tangu barua yako ya Februari. Nikifika getini nageuza. Nimemharibia siri aliyoilipia kwa jina lake, na bado nimemkasirikia kwa kukwangua, na bado ni baba yangu. Njoo, Baba Mdogo. Safari hii usigeuzie uwanja wa ndege. Twende pamoja, wewe ndiye pekee unayejua kumgombeza.

Mwanao,
Nives